Panya Hawaambiwi

Mimi si mtu wa kukaa kitako. Mama husema nilizaliwa nikiwa tayari nimesimama, natafuta viatu. Kwa hiyo wiki ile tuliyokuwa tunaandaa pombe ya posa ya mdogo wangu, walipoona naufagia ua uliokwisha kufagiliwa, nahamisha ndoo kutoka jikoni kwenda uani na kutoka uani kuirudisha jikoni, hakuna aliyeshangaa. Walisema huyo ndiye yeye, mwacheni. Hawakujua kwamba safari hii nilikuwa naogopa.

Nilichokuwa nakiogopa ni mtumbwi. Ulikuwa umelazwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba ya kibanja chetu cha Nyabiyonza, shamba linaloizunguka nyumba: gogo nene lililochongwa likawa na umbo la mtumbwi wa ziwani, nasi tunauita hivyo hivyo. Ndizi mbivu humwagwa humo pamoja na nyasi, wanaume wakaingia pekupeku wakazikanyaga mpaka zitoe maji yake matamu. Maji hayo yakichanganywa na mtama uliokaangwa, yakaachwa yachachuke, ndiyo rubisi. Wanawake tunamenya ndizi tu, mtumbwi hatuusogelei. Ndani yake hamna pa kushika, na chini panateleza vibaya. Kijana akianguka humo watu wanacheka mpaka machozi, na yeye mwenyewe anacheka.

Sasa, katika ukoo wetu, pombe ya kwenda kuposea mtoto wa kiume huanzwa na miguu ya baba yake. Anaingia, anakanyaga kidogo, anatoka, vijana wanamalizia. Kaka zangu wote pombe zao zilianzwa hivyo. Mdogo wangu ni wa mwisho kwetu, mchumba alikuwa amempata upande wa Kyerwa, kwa watu wanaojua rubisi nzuri na wanaouliza imekanyagwa na nani. Ijumaa baba angeingia mtumbwini. Na mimi, kati ya watu wote waliokuwa pale, nilijua mifupa ya baba ilivyo, au nilidhani najua, maana kazi yangu ni mifupa hiyo hiyo, ila ya panya.

Niseme kazi yenyewe. Huko mjini ninakoishi mimi ni fundi wa maabara. Tunafuga panya weupe wenye macho mekundu, wanaokula kwa wakati kuliko mimi. Tunachotafuta ni kwa nini mifupa ya mwanaume hudhoofika akipungukiwa homoni ya kiume, na ni dawa gani ingeweza kuizuia isidhoofike. Huwezi kuchukua mume wa mtu ukamhasi ili uone mifupa yake itakuwaje. Basi tunachukua panya dume aliyekwisha kukomaa, kwa sababu mfupa wa panya mchanga bado unarefuka na utakudanganya. Tunamlaza kwa dawa, tunamtoa korodani, tunamshona. Mwenzake wa kundi la pili naye analazwa, anapasuliwa, anashonwa, lakini hatolewi kitu. Huyo ni wa kulinganishia. Muda ukipita tunatazama mifupa ya wote wawili kwa darubini. Ndani ya mfupa mzima kuna vitundu vidogo vidogo, kama vya andazi lililoumuka vizuri. Kwa yule aliyehasiwa, kuta za vitundu zimeliwa, matundu yameungana, na kilichobaki ni ganda.

Kazi hiyo niliifanya kwa miaka na usingizi wangu haukupungua hata kidogo. Kisha baba akapata saratani ya tezi dume.

Saratani ile inashiba kwa homoni ya kiume. Ukitaka kuilegeza, unainyima chakula. Daktari alimweleza baba kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukatwa, mara moja, yameisha. Ya pili ni sindano ya tumboni, ya kurudia kila baada ya miezi kadhaa, ambayo inafanya kazi ileile bila kisu. Baba alichagua kisu. Alisema sindano inaweza kukosekana siku mvua imeharibu barabara. Mimi ndiye niliyekuwa naye, na tulipokuwa tunatoka pale, akitembea polepole ameshika ukuta, alisema bila kunitazama, "Nyumbani tutasema ni ngiri."

Neno hilo hakulibuni. Baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja anayeishi Chonyonyo, alikuwa ametibiwa ngiri mwaka uliotangulia, akapona, akarudi kwenye migomba yake, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Ngiri ni ugonjwa wa heshima. Mwanaume anaupata kwa kubeba mikungu. Mtu akisikia ngiri anakupa pole na kukusimulia ya kwake. Basi baba akaazima ngiri ya mdogo wake, nasi tukaikubali: mimi, na mama ambaye tangu siku hiyo hajawahi kulitaja jambo lenyewe kwa jina.

Na baba akanawiri! Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Kwetu mtu akinenepa amepona, basi, hakuna mjadala. Tumbo likajaa, mashavu yakajaa, na Jumapili baada ya ibada watu walimpigapiga mgongoni, pale pale kwenye uti wa mgongo, wakisema, "Ngiri imekupenda, mzee." Mimi kila kofi nililisikia kwenye meno yangu. Panya wetu hawanenepi hivyo. Hapo ndipo panya anapoachana na mtu. Lakini kilichokuwa chini ya unene ule nilikijua. Asubuhi za ukungu, wakati sisi wengine tumejifunga kanga mbili mbili, baba alikuwa akifungua vifungo vya shati na kujipepea kwa kofia, jasho linamtoka. Majirani walisema ni afya. Homoni ikiondoka mwilini mwanaume huwakwa na joto la ghafla namna ile, wanawake wa umri wangu tunalifahamu vizuri.

Basi ningemwambiaje asiingie mtumbwini? Kuna maneno mtoto wa kike hamwambii baba yake, hata kama amefika umri wa kuvaa miwani na maneno hayo anayatamka kazini tangu asubuhi mpaka jioni. Nilimtuma mama. Mama akasema, "Wewe ndiye uliyesomea panya." Nikazunguka nyumba. Nikamenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba. Jumatano nikaona nisipozungumza nitapasuka, nikamfuata baba kwenye mkeka alipokuwa anageuza buni.

Alikuwa amechuchumaa. Hata kule kuchuchumaa sikukupenda.

"Wale panya wako hawajambo?" akaniuliza. Ni utani wake wa siku zote.

"Hawajambo, tata." Ndivyo tunavyomwita baba kwetu.

"Bado mnawafanyia yale mambo?"

Nikaona mlango. Nikaingia mzima mzima kabla haujafungwa. Nilimweleza habari za kundi la kwanza na kundi la pili, nikiongea haraka, nikiokota buni zilizoruka nje ya mkeka ili nisimtazame usoni. "Wale wa kundi la kwanza, tata, kwa nje ni wazima. Wanakula, wanarukaruka, wanagombana. Ila mifupa yao sasa. Ukuta wa fito na udongo unaujua. Basi kuna mtu yumo ndani ya ukuta, anachomoa fito moja moja, udongo anauacha. Wewe unayepita njiani unaona nyumba nzuri tu."

"Mpaka siku mtu aegemee," akasema baba.

"Ndiyo, tata."

Aliendelea kugeuza buni. Baadaye akauliza, "Na hao panya, mnawaambia?"

"Tunawaambia nini?"

"Kwamba mmewatoa."

"Panya hawaambiwi, tata."

"Afadhali yao." Akageuza safu nzima ya mwisho, akafika pembeni mwa mkeka, akatulia. "Hapana," akasema. "Si afadhali. Anayejua anatafuta ukuta mwingine wa kuegemea."

Nilitaka kulia, na nilitaka pia kuinuka nikimbie mpaka barabarani.

"Mwisho wake mnawafanyaje?"

Ningeweza kumdanganya. "Tunawaua. Mfupa hauonekani vizuri vinginevyo."

"Basi mimi usinilinganishe nao sana," akasema, akacheka kicheko chake cha kifuani. Mimi sikuweza. Akajisukuma kwa mikono akasimama, akakung'uta suruali. "Ijumaa sitakanyaga. Nitasema ngiri inanivuta. Baba yako mdogo ataanza badala yangu, miguu yake ni miguu yangu. Lakini lile neno lenyewe lisitoke kinywani mwako. Kwa mtu yeyote. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nikamwambia asante mpaka akaona aibu akaondoka. Ungedhani basi ningetulia, lakini wapi. Alhamisi nzima nilikuwa namchunga baba kwa macho: asibebe jerikeni, asirukie mtaro, asimsukume ndama. Nikamnyang'anya shoka. Akaniuliza kama nimekuja posani au nimekuja kuwa polisi.

Ijumaa asubuhi baba mdogo alifika kwa pikipiki kutoka Chonyonyo, kelele zake zikamtangulia. Hao ndugu wawili hawafanani kwa tabia hata kidogo. Baba huongea kama anayehesabiwa maneno. Baba mdogo hulitawala boma zima kabla hajapewa kiti. Ni mtu wa kwaya, wa utani, wa kucheza kwenye harusi mpaka bibi harusi asahaulike.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama panya! Watoto wa wenzetu wanatibu watu, wa kwetu anatibu panya. Sisi tukiugua twende wapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Alitoa leso akajifuta jasho shingoni. Kulikuwa na ukungu, baridi ya kuuma masikio. Nilisema moyoni, huyu ameanza kuonja mapema. Alivaa koti la kijivu lililomshuka mpaka mapajani, kama la mtu mrefu kuliko yeye. Nikadhani ni mtumba wa kununua kwa haraka. Sikumtazama zaidi. Macho yangu yote yalikuwa kwa baba.

Ndizi zilitolewa kwenye shimo zilikoivia, tukazimenya tumekaa upande wa jikoni, mbali na mtumbwi kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa namenya nikiwa nimesimama. Vijana wakazimwaga, wakatandaza nyasi juu yake. Watu wakamgeukia baba.

"Ngiri inanivuta leo," akasema baba. "Mdogo wangu ataanza."

"Ngiri ipi, waitu, jamani!" Baba mdogo alipiga kofi pajani. "Ngiri ya mwaka mzima? Mimi ya kwangu nimeisahau. Kaka, huyu mtoto wako wa maabara amekutia uoga. Haya, tazameni miguu ya Chonyonyo!" Akavua viatu, akakunja suruali, akavua na koti. Akatafuta pa kulitupia, akaniona nimesimama, akanirushia.

Nikalidaka. Na nilipolishika tu nikalifahamu. Halikuwa mtumba wa jana. Ni koti alilolivaa kwenye harusi ya kaka yangu mkubwa, lenye kifungo kimoja cha kahawia kati ya vyeusi, kifungo nilichokishona mimi mwenyewe siku ile kwa sababu alikuwa amekipoteza akicheza. Siku ile koti hilo lilimwishia nyongani. Watu walimtania kwamba ameazima la mwanawe.

Koti halirefuki.

Nikainua macho. Alikuwa ameshaingia mtumbwini, anakanyaga, mikono hewani, anaimba. Bila koti nikauona mgongo wake, umepinda juu kama wa mtu anayebeba kitu kisichoonekana. Tangu utotoni tuliwatofautisha hao ndugu kwa kimo: mrefu ni baba mdogo. Sasa alikuwa amesimama juu ya ndizi, na bado baba, aliyesimama chini, alikuwa anamzidi. Uti wa mgongo ukiisha fito unajikalia wenyewe, pingili juu ya pingili, na mtu anafupika. Nimeona picha zake kazini. Jasho kwenye baridi. Ngiri ya mwaka uliotangulia.

"Baba mdogo, toka humo!"

Nilipiga kelele, ndiyo. Wakacheka. Mmoja akasema leo wanawake wanaamuru mtumbwini. Baba mdogo akaongeza madaha, akazungusha kiuno, mguu mmoja ukateleza kidogo, akajiweka sawa. "Mama panya ananionea wivu!"

"Toka, nakuomba. Tafadhali."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipokwama. Ningesema kwa nini? Neno pekee nililokuwa nalo lilikuwa la baba, na nilikuwa nimekatazwa kulitoa. Nilikuwa nimekumbatia koti, natazama zile nyayo zinavyozama na kuteleza. Nilijichukia, nikawachukia na wale wanaume waliokuwa wanapiga makofi.

Baba alinitazama mimi. Akalitazama koti. Kisha akamtazama ndugu yake, kuanzia kichwani kushuka mpaka miguuni, taratibu, kama anayempima kwa mara ya kwanza. Niliona alipofika kwenye jibu. Akatembea mpaka ukingoni mwa mtumbwi, akasema kwa Kinyambo, lugha yetu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, nami nayaandika kwa Kiswahili:

"Mdogo wangu, yangu haikuwa ngiri. Ilikuwa saratani. Walinitoa zote mbili. Sasa mifupa inaliwa kwa ndani, mtoto amenieleza. Kama na wewe yako ni kama yangu, toka. Watakanyaga watoto."

Makofi yakakatika. Mtu mmoja akakohoa. Mdogo wangu, mwenye pombe yake, alikuwa amesimama na fungu la nyasi mkononi, anamtazama baba yake kama amemwona akivuliwa nguo hadharani. Na kweli ndivyo ilivyokuwa, ila alijivua mwenyewe. Sijawahi kumpenda baba kama wakati ule, na sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani watu wale wote waondoke.

Baba mdogo alisimama katikati ya ndizi. Nilitarajia aone haya, au akasirike kwamba ametolewa siri. Hakufanya hivyo. Alikuwa anamtazama kaka yake kwa huruma na kwa kutoelewa, kama mtu aliyepewa habari za msiba wa jirani. Baba akamnyooshea mkono. Nikawaona wazee wawili wakishikana juu ya utelezi, nikatupa koti, nikaenda mbio. Mimi na mdogo wangu tukamshika makwapa tukamtoa. Hakuna aliyesema mwanamke amesogelea mtumbwi.

Tukamkalisha kwenye kigoda nyuma ya jiko. Vijana wakaingia mtumbwini wakaanza kukanyaga na kuimba kwa nguvu kupita kiasi, ili pawe na kitu cha kusikiliza. Nilileta maji ya moto nikaanza kumwosha miguu baba mdogo, huku nimeinama, nusu nimesimama, tayari kuondoka. Baba alisimama pembeni, mkono wake uko begani mwa ndugu yake.

"Kaka, pole," akasema baba mdogo. "Pole sana. Ungeniambia."

"Na wewe ungeniambia," akasema baba.

"Nikuambie nini? Mimi sikukatwa." Alisema bila hasira. "Mimi yangu ni ngiri kweli. Mwanangu alinipeleka hospitali kule Mwanza, akaongea na madaktari nje, akarudi akaniambia baba ni ngiri, imewahiwa, haihitaji kisu." Akapandisha shati. Chini kidogo ya kitovu, kwenye ngozi iliyolegea, palikuwa na alama ndogo, na nyingine kuukuu pembeni yake. "Nachomwa sindano hapa tu, kila baada ya miezi. Mwanangu anasema ni ya kuzuia ngiri isirudi."

Mkono wangu ukasimama kwenye kisigino chake. Sikumtazama baba, lakini nilisikia alivyovuta pumzi.

Baba mdogo alikuwa anatutazama kwa zamu, baba na mimi, mimi na baba, na tabasamu la utani lilikuwa bado halijamtoka lote usoni. Likaanza kumtoka.

"Mama panya," akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Wewe umesoma. Ngiri ina sindano?"

Mwanawe yule ni ndugu yangu. Ananipenda, anampenda baba yake, na alifanya alichofanya ili mzee wake alale usingizi. Nilijua angenipigia simu kabla jua halijazama. Nilimtazama baba, ambaye asubuhi ile alikuwa na siri na sasa hana hata moja. Akaitikia kwa kichwa: mwambie.

"Haina, baba mdogo," nikasema. "Ngiri haina sindano."

Nikaweka kopo la maji chini, nikakaa kitako pale pale kwenye tope, mbele ya miguu yake, nikaanza kumweleza.